Mchikichi wa Kigoma na Hadithi ya Mbegu Iliyochukuliwa

Kila mara bei ya mafuta ya kula inapopanda Tanzania, hadithi moja hufufuka vijiweni, magazetini na kwenye hotuba za wanasiasa: Wamalaysia walikuja Kigoma, wakachukua mbegu za michikichi, wakazipanda kwao, na sasa wanatuuzia mafuta ya mti wetu wenyewe. Imerudiwa mno hata wengi huitaja kama historia iliyokwisha kuthibitishwa. Kinachopaswa kututia shaka ni kwamba Wanigeria nao wanayo, na Waghana vilevile, kila mmoja akitia nchi yake mahali pa Kigoma. Ndani yake mna punje ya ukweli, na nitaifikia. Lakini kwa jumla hadithi hii inapotosha, na upotoshaji wake hauishii kwenye tarehe. Inaukosea mti wenyewe. Inaufanya mchikichi kuwa kama ng'ombe wa zizini, kwamba aliye naye ni tajiri na aliyeibiwa amefilisika. Ukiutazama mti huu kwa makini, jinsi unavyokua, unavyotoa maua na tunda lake linavyooza, utaona kwamba mbegu peke yake haijawahi kumtajirisha mtu, na kwamba historia ya mawese ni historia ya wale walioyajua maumbile haya mapema na wakawa na nguvu ya kuyatumia.

Mchikichi, ambao Nikolaus Jacquin aliupa jina la kisayansi la Elaeis guineensis mwaka 1763, ni wa jamii moja na mnazi na mtende. Kwao ni ukanda wa misitu ya mvua wa Afrika ya Magharibi na ya Kati. Shina lake ni moja, halitoi matawi, na likishafikia unene wake halinenepi tena kama la mwembe au mvule. Linapanda juu tu, likiacha makovu ya makuti yaliyokatwa. Kileleni, katikati ya makuti machanga, mna chipukizi moja la kukulia. Likikatwa, mti wote umekufa. Kwa sababu hiyo mchikichi haubebeshwi wala haupandwi kwa kipande cha tawi. Mkulima wa maembe akipata mti mmoja mtamu anaweza kuuzalisha mara elfu kwa kubebesha. Mkulima wa michikichi, hadi maabara zilipoanza kuotesha tishu zake katika miaka ya 1970, hakuwa na njia nyingine ila mbegu. Na mbegu ya mchikichi ni ya kubahatisha. Mti mmoja hutoa mashada ya maua dume na mashada ya maua jike, lakini kwa zamu, dume likiwa tayari wakati jike bado au limekwisha kupita. Ni nadra mti kujichavusha wenyewe. Kila chikichi unayoiokota chini ya mti mzuri ina mama unayemwona na baba usiyemjua.

Ingawa vitabu huuita mti wa msitu wa mvua, mchikichi haupendi kiza cha msitu. Mche wake hausitawi chini ya miti mikubwa iliyofunga anga, unataka jua. Ndiyo maana unaonekana kingo za mito, kwenye mashamba yaliyoachwa na mahali palipokuwa na kijiji. Chavua iliyohifadhiwa katika matope ya maziwa ya Afrika ya Magharibi na ya Kati inaonyesha kwamba michikichi iliongezeka sana miaka ipatayo 2500 iliyopita, misitu ilipopungua, na wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na hali ya hewa na kiasi gani kilitokana na shoka la binadamu. Vipande vya kokwa zilizoungua hupatikana katika udongo wa makazi ya kale kutoka Ghana hadi Kongo. Kwa hiyo mti huu umefuatana na watu muda mrefu, ukiota walikofyeka na kutupa kokwa, na ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge upande wa Burundi hadi Ujiji na kusini zaidi, ni mwisho wa mashariki wa eneo hilo kubwa. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta mawese ni bidhaa ya kawaida sokoni, pamoja na samaki na chumvi ya Uvinza. Hakuna anayeweza kudai kwamba Kigoma ilifundishwa mchikichi na wageni.

Sasa tutazame tarehe. Miaka 10 kabla Burton hajaiona Ujiji, mwaka 1848, miche minne ya michikichi ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, miwili ikiwa imetoka bustani ya Amsterdam na miwili kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi, Réunion au Mauritius. Asili yao barani Afrika haijulikani hadi leo. Mbegu za miti hiyo minne zilisambazwa, na nyingine zikafika Deli, kaskazini ya Sumatra, ambako wenye mashamba ya tumbaku waliipanda michikichi kando ya barabara zao kama pambo. Kwa zaidi ya miaka 60 mti ulikaa Asia bila kumtajirisha yeyote. Mwaka 1911 Adrien Hallet, Mbelgiji aliyekuwa ameuona mchikichi Kongo, akagundua kwamba hii ya mapambo ya Deli ilizaa vizuri kuliko aliyoizoea Afrika, akaanzisha shamba la kibiashara. Mwaka 1917 Mfaransa Henri Fauconnier akapanda shamba la Tennamaram, Selangor, ambalo ndilo la kwanza la biashara katika nchi ambayo leo ni Malaysia. Mbegu zake zilitoka ukoo huo huo wa Deli. Jina la Kigoma halipo popote katika mnyororo huu, wala lisingeweza kuwapo. Mwaka 1848 hapakuwa na Mzungu aliyewahi kuliona Ziwa Tanganyika.

Lakini miaka hiyo 60 ya pambo inafundisha zaidi ya tarehe. Mbegu ilikuwapo, udongo na mvua vilikuwapo, na hakuna kilichotokea, kwa sababu kilichokosekana ni maarifa. Kubwa kuliko yote lilihusu ganda la kokwa. Chikichi ina tabaka la nje lenye nyama na nyuzi, ambalo hukamuliwa mawese mekundu. Ndani yake ganda gumu. Na ndani ya ganda kiini kitoacho mafuta ya pili, meupe, ambayo Kigoma huyaita mise na kuyatengenezea sabuni. Miti mingi ya kienyeji, ya Kigoma ikiwamo, ni ya aina iitwayo dura, yenye ganda nene na nyama kidogo. Mara chache hutokea mti wa ganda jembamba na nyama nyingi, tenera, na wakazi wa misitu ya Kongo walikuwa wakiitambua miti hiyo tangu zamani. Tatizo ni kwamba ukipanda mbegu za tenera hupati tenera zote. Unapata mchanganyiko, ikiwamo miti isiyo na ganda kabisa, pisifera, ambayo mashada yake ya kike kwa kawaida huoza kabla ya kuiva. Wakulima na wataalamu walipigwa butwaa na jambo hili kwa miongo kadhaa. Jawabu lilipatikana Yangambi, kwenye kituo cha utafiti cha Wabelgiji kando ya Mto Kongo, ambako watafiti Beirnaert na Vanderweyen walichapisha mwaka 1941 kwamba unene wa ganda unatawaliwa na jeni moja. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ukizalisha tenera kwa tenera, robo huwa dura, nusu tenera, na robo pisifera tasa. Ukizalisha dura kwa pisifera, watoto wote ni tenera, na kila mkungu hutoa mafuta yapatayo asilimia 30 zaidi.

Ugunduzi huo uligeuza kila kitu, na ndio unaoivunja hadithi ya wizi kwenye kiungo chake. Mbegu bora ya mchikichi si kitu kinachookotwa na kutiwa mfukoni. Ni lazima itengenezwe upya kila kizazi, na mtu anayehifadhi mama wa aina fulani na baba wa aina fulani, anayefunika shada la kike kwa mfuko ili chavua ngeni isiingie, na anayeandika daftari la nasaba kwa miaka mingi. Mama wa mbegu za kisasa za Malaysia na Indonesia wengi wao ni dura wa Deli, wajukuu na vilembwe wa ile miche minne ya Bogor. Baba wengi wanatokana na mti mmoja wa tenera ulioitwa Djongo, wa bustani ya Eala karibu na Mbandaka, ambao mbegu zake zilipelekwa Sumatra katika miaka ya 1920. Kwa hiyo kama kuna nchi inayoweza kusema kwamba damu ya miti yake inatiririka katika mashamba ya Asia, ni Kongo. Na hapo hadithi inajikwaa tena, maana Kongo haikupoteza Djongo kwa kumtoa. Ilibaki na miti yake, ikabaki na Yangambi na siri ya ganda, na katika miaka ya 1950 ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa mawese duniani. Leo inaagiza mawese kutoka nje.

Tunda lenyewe lina haraka yake. Chikichi ikishaiva na kuchubuka, kimeng'enya kilichomo ndani ya nyama huanza kuyavunja mafuta kuwa asidi, na baada ya siku moja au mbili ubora umeshuka sana. Njia ya kienyeji, ya kuacha mikungu siku kadhaa ili chikichi zilegee, kisha kuchemsha, kutwanga kinuni na kuengua mafuta, inatoa mawese yenye harufu na ukali ambao mlaji wa mgebuka wa Kigoma au wa sombe ya Kongo anautaka hasa. Liverpool ya karne ya 19, iliyonunua mawese ya Bonny na Calabar kwa ajili ya sabuni, mishumaa na vilainisho vya mashine, haikujali asidi. Viwanda vya siagi ya kupaka vilivyofuata vilijali. Tangu hapo faida ikamwendea mwenye kinu cha mvuke kilicho karibu na shamba, kinachokiua kile kimeng'enya kabla saa 24 hazijapita, na mwenye barabara au reli ya kukifikia. Mchikichi ulio umbali wa siku tatu kutoka kwenye kinu, hata uzae namna gani, ni mti wa mawese ya nyumbani.

Kuna na mdudu. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 mashamba mengi ya Malaysia yalikuwa yakilipa vibarua wapite mti kwa mti wakipuliza chavua kwenye mashada ya kike, kwa sababu iliaminika kwamba mchikichi huchavushwa na upepo na kwamba upepo wa huko haukutosha. Mtaalamu wa wadudu R. A. Syed alikwenda Kameruni, akathibitisha kwamba kazi hiyo barani Afrika hufanywa na fukusi wadogo, hasa Elaeidobius kamerunicus, wanaozaliana kwenye maua dume na kuvutwa kwenye maua jike kwa harufu inayofanana. Fukusi hao waliachiwa mashambani Malaysia mwaka 1981 baada ya kuchunguzwa, wakaenea kwa kasi, na kibarua cha kuchavusha kwa mkono kikaisha. Kama tunatafuta kitu kilichochukuliwa Afrika bila malipo na kikatoa faida kubwa papo kwa papo, mdudu huyu anastahili kutajwa kabla ya mbegu yoyote, ingawa sijawahi kusikia mwanasiasa akimdai.

Na maji. Shada la mchikichi huamua kuwa dume au jike miaka ipatayo miwili kabla ya mavuno, na mti uliopata kiu huelekea kutoa madume. Kigoma hupata mvua ya milimita 1000 hivi kwa mwaka, na kuanzia Juni hadi Septemba hali ni kavu. Malaysia hupata zaidi ya 2000, karibu kila mwezi. Kiangazi cha Kigoma hakiuui mchikichi, maana umezoea, lakini kinaulazimisha kutoa madume mengi na mikungu michache, na athari hiyo huja wakati mkulima amekwisha kuusahau mwaka wa ukame. Hata kama miche ile ile ingepandwa siku moja Selangor na Simbo ya Kigoma, mavuno yasingelingana.

Msomaji atasema: hoja hii inawaondolea lawama wakoloni na watawala waliofuata, na kuutwisha mti mzigo wao. Ni pingamizi la haki, na Kongo ndiyo inayolijibu. Tarehe 14 Aprili 1911 serikali ya Ubelgiji iliipa kampuni ya William Lever, mfanyabiashara wa sabuni wa Uingereza, haki ya kuvuna michikichi ya asili katika maeneo matano ya duara, hadi hekta 750,000. Watu waliokuwa wakivuna kwa ajili ya chungu chao wakageuzwa wakwezi wa kampuni kwa kodi, kwa viboko na kwa bei iliyopangwa na mnunuzi mmoja. Mwaka 1931 bei ya mikungu iliposhuka, Wapende wa Kwango waliasi, na zaidi ya 500 kati yao wakauawa na jeshi la kikoloni. Nigeria ilikwisha kuyaona ya kwake: mwaka 1929 wanawake wa Aba na maeneo ya jirani walioandamana kupinga kodi, wakati bei ya mawese imeanguka, walipigwa risasi na zaidi ya 50 wakafa. Maumbile ya mti hayakuyaamuru haya. Yaliweka tu mahali ambapo nguvu ingelipa, yaani kwenye kinu na kwenye mbegu iliyotengenezwa, na wenye nguvu wakajiweka hapo. Yangambi haikuwa mali ya Wakongo walioifanyia kazi. Ndiyo maana wataalamu wa Kibelgiji walipoondoka baada ya 1960, vita vikafuata, na mwaka 1973 mashamba yakagawiwa vigogo wa Rais Mobutu, hapakuwa na tabaka la wakulima lenye mbegu, mikopo na vinu vyake la kuibeba kazi.

Kigoma nako kulikuwa na uamuzi wa namna hiyo, wa kimyakimya zaidi. Reli ya kati ilifika mwaka 1914, kwa hiyo umbali si kisingizio kamili. Lakini chini ya Waingereza Buha, nchi ya Waha inayoizunguka Kigoma, iligeuzwa hasa kuwa chimbuko la manamba wa mashamba ya mkonge, na vijana ambao wangekwea michikichi walikuwa Tanga wakikata majani ya mkonge. Linganisha na FELDA, shirika la serikali lililoundwa Malaya mwaka 1956, ambalo kuanzia 1961 liliwakalisha wakulima maskini kwenye mashamba ya michikichi ya takriban hekta 4 kila familia, likiwapa miche, mikopo na kinu cha jirani. Katikati ya miaka ya 1960 Malaysia ilikuwa imeipita Nigeria kwa mauzo ya nje, hata kabla ya vita vya Biafra kumaliza shughuli. Sisemi mafanikio hayo hayana doa, maana misitu ya Sabah na ardhi za wenyeji wake zimelipia sehemu ya gharama. Nasema tu yalijengwa na vitu ambavyo havimo ndani ya mbegu. Tanzania ilipoanzisha kampeni ya kufufua zao hili Kigoma mwaka 2018, na kituo cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha miche ya tenera, ilikuwa inaanza pale Yangambi ilipofika mwaka 1941.

Limebaki pingamizi la mwisho, lile lenye ile punje ya ukweli. Mbegu za Kigoma zilichukuliwa kweli. Mwaka 1986 watafiti wa Malaysia, katika mlolongo wa safari zilizowapeleka pia Nigeria, Kameruni na Zaire (Kongo ya leo), walikusanya mbegu za michikichi Tanzania na kuzipanda katika hifadhi yao ya vinasaba. Kabla ya hapo, nyingine zilikwisha kufika Costa Rica. Lakini mwaka 1986 Malaysia ilikuwa inaongoza dunia kwa uzalishaji. Hawakuja kutafuta wingi wa mafuta, ambao Kigoma haikuwa nao. Walikuja kutafuta tofauti, kwa sababu zao lililojengwa juu ya wajukuu wa miti minne lina damu finyu mno na linaogopa ugonjwa mmoja mpya. Na Kigoma ilikuwa na tofauti ya thamani: miti inayoishi zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, inayostahimili ubaridi wa usiku na kiangazi kirefu. Uzao wa dura wa Tanzania na baba kutoka Ekona, Kameruni, huuzwa leo kutoka Costa Rica kama mbegu ya nyanda za baridi. Azimio la kimataifa la 1983 lilikuwa limezihesabu rasilimali za vinasaba kuwa urithi wa wanadamu wote. Mkataba unaozipa nchi mamlaka juu ya viumbe wake ulikuja mwaka 1992, na itifaki ya Nagoya kuhusu mgawanyo wa faida mwaka 2010. Kwa hiyo waliochukua hawakuvunja sheria, na waliotoa hawakupewa mkataba. Dai lenye mashiko liko hapo: si mafuta ya Malaysia yote, bali sehemu ya Kigoma katika kila mfuko wa mbegu za baridi unaouzwa kwa jina la Tanzania.